Sodiamu Hapewi Maji

Kwa Baba yangu mpendwa, kinyozi usiye na maneno mengi,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mashine yako ya kunyolea inanguruma vizuri na ule mgongo haukusumbui sana. Mimi huku sijambo kabisa. Nakula, nalala, na nimenenepa kuliko nilivyoondoka, kwa hiyo wakikuletea habari kwamba nimekonda usiwasikilize. Wasalimie wote wanaoniulizia. Na wasioniulizia wasalimie pia, labda wataona haya.

Mama sijamsalimu bado, na sababu utaiona mbele.

Kabla sijasahau, asante sana kwa koti jeupe la maabara ulilompa yule dereva wa lori aniletee. Ulisema ulikuwa unapita tu ukaliona dukani. Baba, hilo duka libarikiwe! Mikono inaishia pale pale kwenye kifundo, mabega yamekaa kama nilipimwa nikiwa nimesimama, na lina mfuko wa ndani wa kitambaa cha mafua. Walimu wenzangu wameniuliza duka liko wapi, nikawaambia sijui, ni siri ya baba yangu.

Utajiuliza kwa nini naandika barua na simu zipo. Baba, simu yako tunajua sote inavyopokelewa. Wewe unaanza kujifuta mikono, Mama ameshasema haloo upande wa pili wa pazia, kwenye ushonaji wake. Ndiyo maana bahasha nimeiandika MKONONI MWA KINYOZI MWENYEWE, nikapiga mistari chini, nikaifunga kwa gundi ya maabara. Gundi hiyo usiifanyie mchezo. Iligandisha stuli sakafuni, na mwalimu wa hesabu juu ya stuli. Kwa hiyo jifungie chooni, kaa, usome taratibu, maana nimefanya jambo.

Unakumbuka nilivyoondoka. Mama alikuwa ameshaninunulia cherehani, akaiweka dirishani penye mwanga mzuri, akaifunika kitambaa, na hakuna fundi mwingine aliyeruhusiwa hata kuiegemea. Mimi nikamjia na habari kwamba nimepata kazi ya kufundisha kemia. Alisema watu wanavaa nguo kila siku, lakini yeye tangu azaliwe hajaona mtu aliyevaa atomu. Kisha akasema niende tu, cherehani itaningoja, nitarudi mwenyewe. Tangu siku hiyo salamu zake zinanifikia kwa kuzunguka: mwambie mwanao hivi, mwulize mwanao vile. Utadhani ulinizaa peke yako.

Basi nilipofika hapa, Mwalimu Mkuu alinipokea akitembea. Huyu bwana hasimami. Ukitaka kuongea naye lazima umkimbilie pembeni kama mtoto anayefuatana na mama yake sokoni. Tukiwa mbioni hivyo aliniambia kwamba mwalimu wa kemia aliyenitangulia alikata tamaa, akaenda kuuza vipuri vya pikipiki. Akasema mwisho wa muhula atakuja mkaguzi, na akikuta wanafunzi hawajui kitu, mkondo wa sayansi utafungwa. Mimi, kwa kuwa niko kwenye majaribio, nitashukuriwa kwa heshima na kurudishwa nyumbani. Baba, aliposema nyumbani, mimi niliona cherehani.

Na hiyo maabara sasa! Sinki lipo, bomba halipo. Chupa zipo, lebo zimeliwa na mende, na mende wenyewe hawakuonekana tena, jambo lililonifanya nisizifungue. Ukutani kuna jedwali la elementi, lakini mchwa wametafuna katikati, kwa hiyo kwa ukuta wetu dhahabu haipo duniani.

Somo la kwanza nilianza kwa madaha. Nikawaambia kila kitu, meza, pua, ukucha, kimetengenezwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini katikati na elektroni zinazokizunguka. Nyuma kabisa kuna msichana ambaye wenzake wamempa jina la Mpaka-Nione. Alisimama akaniuliza kwa adabu zote kama hiyo atomu nimewahi kuiona. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kuna ndugu yangu yeyote aliyewahi kuiona. Nikasema hapana. Akashukuru, akaketi, na darasa zima likanihukumu hapo hapo. Kuanzia siku hiyo walilala. Wengine walilala macho wazi, lakini kuna mmoja alikoroma waziwazi, tena kwa mahadhi.

Nilijaribu kila dawa. Nilichora duara mpaka chaki zikaisha. Nilileta maharage yawe elektroni, wakayachezea bao. Kila jioni nilihesabu nimebakisha nini kwenye sanduku langu, nikijizoeza kulifunga.

Siku moja nilikuwa naeleza klorini. Nikasema atomu ya klorini ina elektroni saba kwenye ganda la nje, inatamani nane, na itafanya lolote kuipata hiyo moja. Wakanitazama kama watu ambao basi limewaacha. Joto likanipanda kichwani, na kabla sijajua nimesema nini nikajisikia napiga kelele kwamba klorini ni kama shangazi yangu!

Aliyekuwa anakoroma akaamka.

Baba nisamehe, najua ni dada yako wa damu. Lakini nikishaanza tena niishie wapi? Nikawaeleza kwamba Shangazi hajawahi kuondoka kwetu mikono mitupu, na pia hajawahi kuondoka na vitu viwili. Kimoja tu. Leo kijiko, kesho kichujio cha chai, siku nyingine kandambili ya mguu mmoja, na mpaka leo hatujui mguu mmoja unamsaidia nini. Si mwizi, nikawaambia. Ni mtu ambaye hatulii mpaka apate hicho kimoja, na akishakipata anakuwa mpole, mwenye maneno matamu, utampenda. Walicheka mpaka Mwalimu Mkuu akapita dirishani mbiombio kuangalia kuna nini. Alipopita nikauliza klorini huchukua elektroni ngapi. Darasa zima likaitika kwa sauti moja, na siku hiyo nilirudi chumbani kwangu nikatoa nguo sandukuni, nikazitundika.

Basi, ulimi ukishateleza haurudi. Wiki iliyofuata nilimleta Mjomba kama neoni. Ganda lake limejaa, haazimi, haazimwi, anakula peke yake, na kwenye harusi anakaa karibu na mlango ili aondoke kabla ya picha. Dada mkubwa nikamfanya kaboni, kwa sababu kaboni ina mikono minne: mtoto mgongoni, mtoto ubavuni, sufuria jikoni, simu begani, na bado anamwuliza mtu mwingine kama anahitaji msaada. Wanafunzi nao wakaanza kuleta watu wao. Mmoja akasema jirani yao ni oksijeni, maana ugomvi wowote ukianza kuwaka mtaani, yeye yupo. Mwingine akasema babu yao ni zebaki, ukidhani umemshika ameshateleza. Hata Mpaka-Nione aliniambia kwamba atomu bado hajaiona, ila shangazi yangu sasa anamwona vizuri kabisa.

Kisha wakaniuliza kuhusu Mama.

Baba, nilijizuia. Naapa nilijizuia, karibu dakika nzima. Halafu nikawaambia Mama ni Sodiamu.

Nikawaeleza kwamba sodiamu ni metali isiyovumilia. Hewa tu inaibadilisha rangi. Ikidondokewa na maji inavuma, inarukaruka, inawaka. Na maji kwa Mama ni ushauri. Nikawapa mfano wa yule bibi harusi mtarajiwa aliyesema kola ya gauni lake ingependeza ikishushwa kidogo, akatoka dukani na kola yake mkononi, gauni limebaki. Lakini nikawaambia pia, Baba, na hili ulikumbuke likikufika jingine, kwamba sodiamu ni laini. Kisu cha mkate kinaipitia. Nikawasimulia yule mama aliyefukuzwa kwa kulalamikia bei ya sare za watoto, na kesho yake Mama akazishona zote bure, akakupa wewe uzipeleke useme zimetoka kwa msamaria asiyejulikana. Darasa lilitikisa vichwa. Nikaona wameelewa.

Somo la chumvi lilikuja lenyewe. Sodiamu inaunguza, klorini ni sumu, na zikikutana zinakuwa kitu ambacho bila yake hakuna chakula kinachoshuka. Mama na wifi yake, nikasema. Shangazi ameondoka na tondoo la Mama la kukinga kidole akishona, Mama amepiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara. Kesho yake wako benchi moja wanamenya viazi vya shughuli ya ukoo mzima, wanacheka mpaka wanashikana, na atakayejaribu kuwatenganisha atajuta. Hakuna mwanafunzi wangu atakayesahau chumvi ilivyotengenezwa. Ataisahau njia ya kwao kwanza.

Mkaguzi akaja. Mtu mfupi, viatu vipya vinalia, uso kama mlango uliofungwa. Akaketi nyuma, akamnyooshea kidole Mpaka-Nione, akamtaka aeleze chumvi ya mezani inavyotokea. Nikamwona yule mtoto anasimama, nikajua nimekwisha. Alieleza kwa ufasaha kwamba Sodiamu hana raha kwa sababu ya kijiko kimoja cha ziada, na wifi yake Klorini hana raha kwa kukikosa hicho hicho. Klorini akija kutembea anaondoka nacho, Sodiamu anafoka kidogo, kisha wote wawili wanatulia na hawaachani tena. Mkaguzi aliuliza kijiko gani. Yule mtoto akamjibu kwa huruma, kama mtu anayemwongoza mgeni, kwamba ni elektroni, mheshimiwa. Mkaguzi akageukia upande mwingine, akauliza kwa nini neoni haiungani na elementi yoyote. Mmoja akamjibu kwamba huondoka kabla ya picha.

Nilishika meza. Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amesimama.

Mkaguzi akainuka. Akaenda ubaoni, akaandika maswali magumu yasiyo na shangazi wala mjomba. Wakayajibu. Wakampangia elektroni za sodiamu, mbili, nane, moja, wakampangia za klorini, wakamwandikia na kanuni ambazo hakuziuliza. Hapo alivua miwani akawa anaifuta, nikaona mabega yanatikisika. Baba, yule mtu alikuwa anacheka! Alipopata sauti alisema yeye jedwali alilikariri kwa viboko na mpaka leo halielewi vizuri, na kwamba nyumbani kwake pia kuna klorini mmoja, ndugu wa mke wake. Mkondo wa sayansi haufungwi. Na mimi nimethibitishwa kazini. Nilitaka kukimbilia simu nimwambie Mama, halafu nikakumbuka hatusemezani.

Sasa ndipo palipoharibikia. Mwalimu Mkuu kwa furaha alirudi kwenye mwendo wake, na bila kuniuliza akamwandikia Mama barua ya kumwalika awe mgeni rasmi kwenye Siku ya Wazazi mwisho wa mwezi. Barua ina muhuri wa shule. Nilipoiulizia ilikuwa imeshaondoka, akanionyesha nakala kwa fahari. Baba, imeandikwa: Kwa Mheshimiwa Mama Sodiamu.

Nilikaa chini pale pale ofisini.

Na wanafunzi ndio wamemaliza kabisa. Wameandaa kiti cha heshima, na kando ya kiti wameweka ndoo ya mchanga mkavu, kwa sababu niliwafundisha mwenyewe kwamba moto wa sodiamu hauzimwi kwa maji. Wamepitisha amri kwamba mgeni rasmi asipewe maji hata akiomba. Wakajadili juisi, Mpaka-Nione akasema juisi ni maji yaliyovaa nguo. Wakajadili soda, ikaanguka kwa hoja hiyo hiyo. Mwisho wamekubaliana kumpa biskuti kavu. Kiti cha pembeni yake wamemwekea Shangazi, waone chumvi kwa macho yao. Nimewaeleza kwamba ule ulikuwa mfano tu. Wameniangalia kwa upole wa watu wanaojua mwalimu anaficha kitu.

Hilo ndilo nililofanya. Nimemtangaza mke wako kwa shule nzima, na sasa anaitwa ajionee. Lakini bado sijafika nilipokuwa naenda.

Wiki iliyopita mkaguzi alitutumia zawadi, kichupa chenye kipande cha sodiamu ndani ya mafuta ya taa. Wanafunzi wakanizunguka. Nikakitoa kwa kibano, nikakikata kwa kisu, ndani kiling'aa kama kijiko kipya, nikakirudisha haraka. Kipande hicho kina umri mkubwa kuliko wao, na bado kinang'aa. Hapo mmoja akaniuliza baba yangu ni elementi gani. Nikatazama ukutani. Chuma? Hapana, wewe hushiki kutu wala hupigi kelele. Risasi? Mzito mno. Nikalipitia jedwali zima, hata pale penye mashimo ya mchwa, sikukuona. Nikasema baba yangu ni mtu mkimya, hayumo. Na Mpaka-Nione, akiwa bado ameinamia kichupa, akauliza haya mafuta kazi yake nini.

Nilikuwa karibu kumjibu kwamba hayafanyi kitu.

Baba, nikakitazama kichupa tena. Nikakuona pale kwenye chumba chetu, pazia katikati, Mama na cherehani upande huu, wewe na kiti chako upande ule. Mteja anatoka kwa Mama amefura, na wewe bila kusema neno unampiga shuka shingoni, unamkalisha, unamnyoa taratibu mpaka anasinzia. Akiamka anarudi upande wa pili wa pazia kuomba radhi, na Mama naye ameshapoa. Miaka yote hiyo nilidhani wewe hujali. Nilidhani hufanyi kitu! Nikatoka nikasimama kwenye korido nikalia. Wanafunzi wakaniletea leso, wakidhani ni moshi wa kemikali, na sikuwasahihisha.

Nikarudi nikawaambia baba yangu ni mafuta ya taa, yanayozuia hewa na maji visiiguse sodiamu. Walipiga makofi, Baba.

Nimebakiza neno moja, na hili si lako.

Mama, shikamoo.

Najua ni wewe unayesoma. Gundi ilikuwa ngumu, eti? Pole kwa kucha. Tangu nijue kusoma sijaona barua ya Baba ikifunguliwa na Baba, na ningekuandikia wewe ungeichana kabla ya salamu. Kwa hiyo nimemwandikia yeye ili usome wewe, mpaka mwisho, ukitafuta pa kunikamatia.

Koti limenikaa, Mama. Baba hajui hata kuongopa: duka gani litanishonea mfuko wa kitambaa cha mafua upande wa kushoto, ambako ndiko mkono wangu huenda? Nilipolivaa niliuona mshono wako wa mara mbili kwapani, nikajua hukuninunia kama ulivyosema. Nami nimekukumbuka mpaka naumwa. Cherehani yangu mpe fundi mwingine aitumie, mimi sirudi kushona. Lakini wewe njoo. Nimeogopa utakuja ukasikia niliyosema, kisha nikagundua ninachoogopa zaidi ni kwamba hutakuja.

Njoo na wifi yako, na uhesabu vijiko vya shule kabla hajaondoka. Njoo na Baba, usimwache, si unajua sodiamu haisafirishwi bila mafuta. Sasa mwite aache hicho kichwa anachonyoa, miwani yake ataitafuta mpaka kesho, kwa hiyo msomee wewe kwa sauti. Pale penye kola ya bibi harusi unaweza kuparuka. Pale penye mafuta ya taa usiruke hata neno.

Wakikuletea biskuti, zipokee tu, utawaudhi ukikataa. Maji nitakuletea mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya shule nzima, tuone.

Nawaombea wote afya na usingizi mzuri, na kwa Shangazi nafikisha salamu moja tu, maana hachukui mbili.

Ni mimi mwanenu wa katikati,
Mwalimu wa Kemia (nimethibitishwa)